Bata mzinga wa kilo ngapi kwa watu wangapi, na aokwe vipi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu bata mzinga mzima anayeokwa kwenye oveni ya nyumbani, iwe ni Krismasi Nairobi au Arusha, iwe ni Sikukuu ya Shukrani kwa walioko Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Uzito tunaoutaja ni wa ndege aliyekwisha kuchinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo, pamoja na mifupa yake. Pale tunapozungumzia ndege hai tumesema wazi.

Nina wageni 12. Ninunue wa kilo ngapi?

Kilo 6. Hesabu nusu kilo kwa kila mtu mzima. Inaonekana nyingi, lakini karibu nusu ya uzito huo ni mifupa pamoja na maji na mafuta yanayotoka kwenye moto. Bata mzinga wa kilo 6 hukupa takriban kilo 3 za nyama iliyoiva, yaani robo kilo kwa kila sahani. Mtoto mdogo mhesabie nusu ya mtu mzima.

Ukitaka nyama ya kesho yake, panda hadi gramu 700 kwa kila mtu. Kinyume chake, kama mezani pana pilau, mbuzi wa kuchoma, samaki na chapati, gramu 300 hadi 350 zinatosha, na kwa wageni 12 wa kilo 4 hatakuaibisha. Wengi hukosea hapo: wanachukua kipimo cha meza ya Kimarekani, ambako bata mzinga ndiye nyama pekee, wanakiweka kwenye karamu yenye nyama tatu, kisha nusu ya ndege inabaki.

Kwa walioko Marekani, ambako lebo huandikwa lb, kanuni ni ileile: ratili moja kwa kila mtu, ratili moja na nusu ukitaka akiba. Ratili moja ni gramu 450 na kitu.

Kwa watu wanne au watano hatushauri bata mzinga mzima. Ndege mdogo ana mifupa mingi kulingana na nyama yake. Nunua kidari peke yake, au oka kuku wawili.

Tuko watu 25. Mmoja mkubwa au wawili wadogo?

Wawili. Ndege wa kilo 12 huchukua zaidi ya saa tano, na kabla moto haujafika kwenye kiungo cha paja, kidari kimekwisha kukauka. Wawili wa kilo 6 wakiwekwa pamoja huiva kwa saa tatu na nusu hadi nne, na mezani unapata mapaja manne badala ya mawili, jambo linalopunguza ubishi. Kama oveni haiwezi kubeba wote wawili, mmoja mwoke jana yake, mkate vipande, mhifadhi kwenye friji pamoja na supu yake, halafu mpashe moto huku yule mzima akipumzika kwa ajili ya kupambwa mezani.

Nitajuaje kama ataenea kwenye oveni yangu?

Pima kabla ya kununua. Majiko mengi ya kusimama yenye oveni yanayouzwa kwetu yana upana wa sentimita 50 au 60 kwa nje, na ndani ni padogo zaidi ya unavyodhani. Chukua futi kamba upime upana, kina na kimo cha ndani, kisha ondoa sentimita 5 kila upande ili hewa moto izunguke. Bata mzinga anayegusa ukuta wa oveni huungua hapo alipogusa na kubaki mbichi upande wa pili. Jaribu pia trei yako ikiwa tupu: watu wengi hugundua asubuhi ya sikukuu kwamba mlango haufungi.

Trei iwe na kingo za sentimita 5 hivi. Sufuria yenye kina kirefu huziba moto usifike kwenye mapaja, na ngozi ya chini inachemka badala ya kuokwa. Ukitumia trei nyepesi ya foili ya kutupa, iweke juu ya bamba gumu la kuokea, maana ukiinyanyua ikiwa na ndege wa kilo 7 na mafuta yanayochemka itakunjika katikati.

Nanunua ndege hai kwa mfugaji. Nihesabu vipi uzito, na nimchague vipi?

Ndege hai hupoteza robo hivi ya uzito wake kwa damu, manyoya, kichwa, miguu na matumbo. Ukihitaji kilo 6 za kuoka, tafuta wa kilo 8.

Kuhusu umri, usimsikilize muuzaji, mtazame ndege. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari upande wa nyuma: kwa ndege mchanga inapinda kidogo kama gegedu, kwa mzee ni ngumu kama jiwe. Tazama na miguu. Magamba laini na kucha zisizolika ni dalili ya umri mdogo. Dume mwenye miiba mirefu iliyochongoka nyuma ya miguu amekwisha kukomaa. Huyo usimweke kwenye oveni akiwa mzima. Mkate vipande umpike polepole kwenye supu au nazi, atakuwa mtamu.

Mchinje angalau siku moja kabla. Nyama ya ndege hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na ukiipika katika hali hiyo inakuwa kama mpira hata uioke saa sita. Usiku mmoja kwenye friji huilegeza. Wakati wa kunyonyoa tumia maji yanayofuka lakini hayajachemka, nyuzi 60 hadi 65. Maji yanayotokota huipika ngozi ya kidari, inachanika ukivuta manyoya, na kwenye oveni mpasuko huo hufunguka na nyama iliyo chini yake hukauka.

Dume au jike?

Kwa uzito ulio sawa, tofauti ya ladha ni ndogo mno. Jike ni mdogo, dume ni mkubwa. Umri ndio unaoamua ulaini.

Wa kwenye friza achukue siku ngapi kuyeyuka?

Saa 24 ndani ya friji kwa kila kilo 2. Wa kilo 6 anahitaji siku tatu, na ongeza moja ya kukaa na chumvi. Kwa hiyo kwa chakula cha mchana cha tarehe 25 Desemba, mtoe kwenye friza asubuhi ya tarehe 21. Wa kilo 8, mtoe tarehe 20. Kwa Alhamisi ya Shukrani, wa kilo 6 ahamie kwenye friji asubuhi ya Jumapili. Mweke kwenye trei, rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee kachumbari.

Umechelewa? Mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya plastiki yake isiyovuja, nusu saa kwa kila nusu kilo, ukibadilisha maji kila nusu saa. Wa kilo 6 atachukua saa sita, na akishayeyuka apikwe papo hapo. Mombasa na Dar es Salaam maji ya bomba mwezi Desemba si baridi hata kidogo, hivyo tia barafu ndooni.

Usimwache mezani usiku kucha. Ngozi hufikia joto la jikoni mapema huku tumboni bado ni barafu, na kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria huongezeka kwa kasi.

Asubuhi ya sikukuu nimekuta tumboni bado kuna barafu. Nifanye nini?

Usifadhaike. Mimina maji baridi tumboni mpaka kifuko cha firigisi, maini na shingo kilegee, kitoe, kisha mwoke na uongeze muda. Hata ndege mwenye barafu mwili mzima anaweza kuokwa. Huchukua muda mrefu kwa nusu zaidi ya kawaida, na kifuko kitatolewa katikati ya safari kitakapoachia. Usichoweza kufanya ni kumkaanga kwenye mafuta mengi akiwa na barafu. Maji yakikutana na mafuta ya moto hulipuka na kuwa mvuke, mafuta yanafurika na kushika moto.

Kifuko chenyewe kitafute sehemu mbili: tumboni, na chini ya ngozi ya shingo. Wengi hukagua moja tu, kisha wanaokota karatasi iliyopikika wakati wa kukata.

Nimuoshe kwa ndimu na chumvi kama tunavyoosha kuku?

Ndege wa dukani amekwisha kusafishwa. Ukimwosha kwenye sinki, matone yanaruka hadi kwenye vyombo, kitambaa na saladi, yakiwa na vijidudu vyake. Ndimu haiui vijidudu hivyo. Moto ndio unaoua. Mfute kwa karatasi ya jikoni, ng'oa vishina vya manyoya vilivyobaki kwa kibanio, basi. Ndege uliyemchinja mwenyewe anaoshwa mara moja, wakati wa kumsafisha, na baada ya hapo sinki na ubao visafishwe kwa maji moto na sabuni.

Chumvi na viungo: kiasi gani, na lini?

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini kwa kila kilo ya ndege. Mpake siku moja au mbili kabla, kisha mwache kwenye friji bila kufunikwa. Mwanzoni chumvi huvuta maji yatoke, halafu maji hayo yenye chumvi hurudi ndani ya nyama na kuisaidia kushika unyevu wake kwenye moto. Ngozi nayo hukauka, na ngozi kavu ndiyo inayokuwa ya kahawia na kupasuka mdomoni.

Nyingi ya chumvi hiyo iende chini ya ngozi. Anzia upande wa shingo: ingiza vidole viwili kati ya ngozi na kidari, vitembeze taratibu kushoto na kulia. Utahisi utando mwembamba ukiachia kama gundi iliyokauka. Endelea mpaka kiganja kizima kipite, na ukifika juu ya mfupa wa katikati punguza nguvu, hapo ndipo ngozi huchanika. Siku ya kuoka, kwenye nafasi hiyohiyo weka gramu 100 za siagi iliyopondwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Binzari ya pilau inakaa vizuri pia. Juu ya ngozi paka mafuta tu. Kitunguu saumu kilichopondwa kikikaa nje saa tatu kitaungua na kuwa kichungu.

Ndimu na siki zisikae na nyama zaidi ya saa moja au mbili, kwani asidi hufanya nyama ya juu iwe kama unga. Papai bichi ni kali zaidi: linafaa kwa ndege mzee, kwa muda mfupi, na huyu mchanga halihitaji kabisa.

Soma lebo kabla ya kugusa chumvi. Ndege wengi wa friza, hasa Marekani, wamedungwa maji ya chumvi kiwandani, na lebo hutaja asilimia yake. Hao usiwaongezee chumvi ya kulaza. Wale waliochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi nao tayari wamepakwa chumvi. Anayetafuta halali aangalie muhuri kwenye lebo yenyewe, si maneno ya rafu.

Nimjaze tumboni?

Ni bora usimjaze. Mkate, wali au viazi vilivyoshindiliwa tumboni hunyonya damu na maji mabichi, na vinafika nyuzi 74 mwisho kabisa, wakati kidari kimekwisha kupita kiasi. Pika mjazo wako kwenye bakuli pembeni. Tumboni weka kitunguu kilichokatwa, nusu limau na kichane cha giligilani, vikiwa vimelegea ili hewa ipite. Ukiamua kujaza, mjaze dakika ya mwisho, ongeza nusu saa hivi, na upime joto katikati ya mjazo.

Moto kiasi gani, kwa muda gani?

Nyuzi 165 za Selsiasi, sawa na 325 za Farenhaiti, au namba 3 kwenye oveni ya gesi yenye namba. Oveni yenye feni punguza nyuzi 20. Kwa ndege asiyejazwa, aliyeyeyuka kabisa:

kilo 3.5 hadi 5.5: saa 2 na dakika 45 hadi saa 3
kilo 5.5 hadi 6.5: saa 3 hadi saa 3 na dakika 45
kilo 6.5 hadi 8: saa 3 na dakika 45 hadi saa 4 na robo
kilo 8 hadi 9: saa 4 na robo hadi 4 na nusu
kilo 9 hadi 11: saa 4 na nusu hadi 5

Muda huu ni wa kupangia ratiba. Wa kuamua ni kipimajoto, kwa sababu oveni nyingi za nyumbani husema 165 huku ndani ni 140 au 190. Kipimajoto kidogo cha kutundika ndani ya oveni kitakuonyesha ukweli.

Mlaze kidari juu, kwenye waya ulio ndani ya trei, au juu ya karoti na vitunguu vilivyokatwa vipande vikubwa. Kunja ncha za mabawa ziingie nyuma ya mabega. Tia vikombe viwili vya maji kwenye trei ili mafuta yanayodondoka yasiungue, maana hayo ndiyo mchuzi wako. Rangi ikishapendeza, kwa kawaida baada ya theluthi mbili za muda, funika kidari peke yake kwa foili na uache mapaja wazi.

Kumwagia mafuta kila baada ya dakika 20 hakusaidii. Mafuta hayapenyi ngozi, na kila ukifungua mlango oveni inapoa na muda unarefuka.

Nitajuaje ameiva?

Nyuzi 74 (165 za Farenhaiti) sehemu tatu: ndani kabisa ya paja karibu na kiungo lakini bila kugusa mfupa, pale kidari kilipo kinene zaidi, na mahali bawa linapoungana na mwili. Ncha ikigusa mfupa itakudanganya. Paja lenyewe hunoga likifika 80, kwa sababu mishipa yake inahitaji joto zaidi ili ilainike. Kile kitufe cha plastiki kinachochomoza chenyewe kwenye baadhi ya ndege wa dukani usikitegemee peke yake.

Rangi si kipimo. Ndege mchanga anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa hata akiwa ameiva sawasawa. Ukikosa kipimajoto, kata kati ya paja na mwili mpaka uone kiungo: nyama iwe imeachia mfupa, na kusiwe na chochote kinachoteleza na kung'aa kama kibichi. Ukisita, rudisha dakika 20. Hata hivyo, kipimajoto cha kuchoma nyama ni bei ndogo ukilinganisha na ndege mwenyewe.

Kila mwaka kidari kinakauka na mapaja bado mabichi. Kwa nini?

Kwa sababu ni nyama mbili tofauti kwenye ndege mmoja. Kidari kina mafuta machache, kiko juu, kinapigwa na moto moja kwa moja. Paja limejificha pembeni, limebana kwenye mwili. Suluhisho tunalolipenda kuliko yote ni kumpasua mgongo. Mlaze kidari chini, kata kwa mkasi imara wa jikoni pande zote mbili za uti wa mgongo kuanzia mkiani hadi shingoni, utoe, mgeuze, kisha ukandamize katikati ya kidari kwa viganja viwili mpaka usikie mfupa ukilia "ta!" na ndege alale bapa. Sasa mapaja yako wazi juu, na wa kilo 5.5 hadi 6 huiva kwa dakika 80 hadi 90 kwenye nyuzi 220. Uti wa mgongo upeleke kwenye supu. Hasara yake ni kwamba anahitaji trei pana, na hana lile umbo la kupigwa picha.

Gesi au umeme ukikatika katikati?

Usifungue mlango. Oveni hushika joto kwa muda, na katizo la dakika 15 au 20 halina madhara. Likizidi hapo, usimwache ndege nusu mbichi akisubiri: mkate mapaja na kidari, viingize kwenye sufuria kubwa na kikombe cha supu, umalizie jikoni au kwenye mkaa. Mtungi wa gesi upime kwenye mizani siku moja kabla; uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye bati lake, na kinachozidi ndiyo gesi uliyonayo.

Asiye na oveni kabisa aoke vipande, si ndege mzima, kwenye sufuria nzito yenye makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina.

Mchuzi wa trei unafanywaje?

Chuja yaliyomo kwenye trei, acha mafuta yapande juu. Chukua vijiko vikubwa viwili vya mafuta hayo na viwili vya unga wa ngano, kaanga hadi vinukie kama karanga, kisha mimina kikombe kimoja cha supu ya trei kidogokidogo ukikoroga. Onja kabla ya kutia chumvi. Ukifanya madonge, chuja tena.

Kwa nini nisimkate akitoka tu motoni?

Atamwaga maji yote kwenye ubao. Mpe dakika 30. Kisha toa mapaja kwenye kiungo, toa kila upande wa kidari mzima mzima ukifuata mfupa, na ndipo ukate kidari vipande kwa kukingama na nyuzi za nyama. Ukikata kwa kufuata nyuzi, hata nyama laini itatafunika kama kamba.

Kilichobaki kikae muda gani?

Kiingie friji ndani ya saa mbili, na kama mnakula nje kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, ndani ya saa moja. Kitoe kwenye mifupa kwanza, kitandaze kwenye vyombo vifupi ili kipoe haraka. Friji, siku tatu hadi nne. Friza, miezi kadhaa. Ukipasha moto, kifike tena nyuzi 74, kikiwa na supu kidogo na kimefunikwa.

Mifupa ichemshe na kitunguu, karoti na pilipili manga kwa saa tatu, moto mdogo. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, hivyo huko ipe saa nne. Supu hiyo ndiyo ya kupikia pilau ya tarehe 26, na nyama iliyonyambuliwa itiwe mwishoni kabisa, wali ukishakauka, isije ikaiva mara ya pili.